Sanduku la Mitra

Fremu ya tatu ilirudi Jumatatu asubuhi, imefungwa kwenye gazeti kama samaki. Aliyeirudisha alikuwa mwalimu mstaafu, mtu mpole ambaye hata kukohoa anaomba radhi kwanza. Aliiweka juu ya meza ya kazi, akaifungua taratibu, akaingiza ukucha wa kidole gumba kwenye kona. Ukucha ukazama wote.

"Fundi Rula, si kwamba nalalamika," alisema.

"Mbao mbichi hiyo, mwalimu. Imekaukia ukutani kwako, ikajikunja. Mbao ni kama mtu, ukiihamisha nyumba inanuna."

"Sawa. Lakini wewe na marehemu mlinitengenezea nane, na hakuna iliyowahi kununa."

Rula akacheka, mwalimu naye akacheka, na kati yao hakuna aliyefurahi. Mwalimu alipoondoka aliacha fremu, akachukua gazeti lake.

Marehemu huyo ni Shoto. Jina alilopewa na mama yake lilikuwepo kwenye cheti cha ubatizo na kwenye msalaba wa kaburi lake, basi. Kwingine kote alikuwa Shoto, kwa sababu msumeno, kijiko na kalamu vyote alivishika kwa mkono wa kushoto. Rula yeye alikuwa wa kulia. Kwa miaka ishirini na sita walisimama wawili kwenye meza moja, ndani ya chumba kimoja kirefu chenye mlango wa bati, Shoto ncha ya kushoto, Rula ncha ya kulia, wakitengeneza fremu: za picha, za vioo, za vyeti, za watu waliofaulu na za watu waliofariki.

Fremu ni kitu kidogo, lakini roho yake iko kwenye kona. Pale mbao mbili zinapokutana, kila moja inakatwa mshazari, nusu ya kona huyu, nusu ya kona yule, halafu zinaegemezwa. Mafundi wanaiita maita. Maita nzuri huioni. Unaona mbao imekata kona yenyewe kama maji. Wao walikuwa wanakata kwa jicho, bila kipimo, bila kibao cha kuongozea msumeno, na ndiyo maana wateja wakamwita huyu wa kulia Rula. Alikuwa akikata ncha yake, anausukuma ubao juu ya meza na kusema, "Pokea." Shoto anaudaka, anakata ncha ya pili, anasema, "Nimepokea." Siku nzima, pokea, nimepokea, kama watu wawili wasiojua maneno mengine. Hawakuwa na haja ya mengine.

Shoto alifariki miezi minne iliyopita, kwa presha, akiwa anafunga viatu. Wiki moja baada ya mazishi, Rula akiwa amezama kwenye kazi, alikata ncha yake, akausukuma ubao na kusema, "Pokea." Ubao ukateleza meza nzima, ukaanguka chini upande wa pili. Alikaa akiusikiliza ule mlio hata baada ya kuisha. Tangu siku hiyo alianza kufungulia redio asubuhi, si kwa kuisikiliza, ila tu pawe na mtu anayeongea humo ndani.

Mkewe alishaondoka zamani, bila ugomvi, kama mgeni aliyetazama saa. Watoto hawakujaliwa. Alichobaki nacho Rula kilikuwa jina, na jina lenyewe sasa lilikuwa linarudishwa limefungwa kwenye gazeti.

*

Saa nne siku hiyohiyo aliingia mshonaji wa kanisa kuu. Mama mmoja wa makamo, miwani imening'inia kifuani, sindano mbili zimechomekwa kwenye ukosi wa gauni kama wengine wanavyovaa kidani. Alikuwa amebeba mfuko wa nguo, na aliuweka mezani jinsi mtu anavyomweka mtoto aliyelala.

"Meza hii siipendi, ina vumbi," alisema. "Una kitambaa?"

Rula akatandika kitambaa. Mama akatoa kofia: nyeupe, mzunguko wa dhahabu kwenye paji, imechongoka juu mbele na nyuma, na tepe mbili zikining'inia kisogoni.

"Askofu mpya anawekwa wakfu Jumapili. Hii ndiyo mitra yake. Nimeishona wiki sita, nimebakisha macho haya mawili tu. Sasa inataka sanduku. La kubebwa mbele ya watu, kwenye maandamano."

"Mitra," Rula akarudia. "Sisi mafundi, kona tunaiita maita."

"Nimesikia ni neno moja, kama ndugu wawili waliogawana urithi. Mmoja akapelekwa seminari, mwingine kwa seremala." Akavaa miwani. "Na ukiitazama utaona kwa nini. Hii ni vipande viwili, baba. Cha mbele na cha nyuma. Kimoja peke yake hakisimami, kinalala chali. Vinasimama kwa kuegemeana."

Aliibonyeza ikalala bapa, akaiachia ikainuka. Redio ilikuwa inatangaza bei ya saruji.

"Nataka mbao nyekundu, kona nne, bila msumari, bila pengo," mama alisema. "Paroko amesema nije kwako. Nimempinga, lakini ndiye paroko."

"Ulimpinga kwa nini?"

Mama akaikunja mitra, akaitia mfukoni. Akaiona fremu ya mwalimu pale mezani. Akapitisha ukucha.

"Ijumaa mchana," alisema. "Likiwa na pengo nitaibeba kwenye sinia."

*

Mlango wa pili kutoka karakana ulikuwa wa kinyozi. Kinyozi huyo alikuwa na tabia ya kusema mambo mazito wembe ukiwa kooni mwa mtu, ili asijibiwe. Siku ya Jumanne Rula alikwenda kunyolewa ndevu, kwa sababu tangu alfajiri alikuwa amekata kona sita na zote sita zilikuwa zimeachama kama vifaranga wa njiwa.

"Tulia," kinyozi alisema, akimwinua kidevu. "Watu wanaongea, mzee mwenzangu. Mimi siongei, mimi nakata nywele. Wanasema kumbe fundi alikuwa Shoto."

Rula akatoa sauti puani.

"Nimekwambia tulia. Wanasema wewe ulikuwa unashika mbao tu. Mimi nikawaambia, jamani, hata kushika ni kazi. Nimekutetea."

"Ahsante," Rula alisema wembe ulipotoka. "Umenitetea mpaka nimekufa."

Alirudi karakana na kidevu laini na moyo umechubuka. Jambo lenyewe lilikuwa baya kuliko kinyozi alivyojua. Kwa sababu Rula, mtu aliyemlilia Shoto makaburini mpaka watu wakamshika mabega, alikuwa sasa anamwonea wivu. Kumwonea wivu maiti, ni mtu gani huyo? Aliinua ubao, akakata. Akakata wa pili. Akaziegemeza. Nje pamekutana, ndani pana mwanya. Akalaumu mbao. Akaleta mbao nyingine, iliyokaa darini miaka mitatu, kavu kama jibu la karani. Mwanya. Akanoa msumeno. Mwanya. Akafuta miwani. Mwanya ukaonekana vizuri zaidi.

Mchana alifanya jambo ambalo yeye na Shoto walikuwa wakilicheka kwa mafundi wengine. Alichanganya gundi na unga wa mbao, akaupaka kwenye ufa, akasugua kwa msasa. Hiyo ni poda ya fundi, inafunika chunusi. Kwa mbali kona ilionekana nzuri. Akaibeba mpaka mlangoni kwenye mwanga, akapitisha ukucha wake mwenyewe, na unga ukabanduka wote kipande kimoja, kama gaga la kidonda.

Ndipo alipokumbuka msumeno wa Shoto. Vifaa vya marehemu vilikuwa vimepelekwa kwa mjane. Kama kulikuwa na siri, Rula aliwaza, basi ilikuwa kwenye msumeno ule. Mtu akizama hata unyasi anaushika.

*

"Karibu, shemeji," mjane alisema, akimfungulia mlango Jumatano asubuhi. "Nilijua utakuja. Nilidhani ungekuja mapema."

Rula akaketi kwenye ukingo wa kiti kama mtu anayeomba samahani. Miezi minne hakuwa amekanyaga pale. Kila alipofika kona ya mtaa ule miguu ilikuwa inakumbuka shughuli nyingine.

"Kazi, shemeji."

"Kazi." Mjane alimtazama. "Yeye alikuwa anasema wewe ukiwa na huzuni unasema kazi, na ukiwa na kazi unasema huzuni."

"Alisema hivyo?"

"Na mengine siyasemi, kiti ulichokalia ni dhaifu, utaanguka."

Walicheka kidogo. Mjane akaenda chumbani kuchukua msumeno, na Rula akabaki na sebule. Hapo ndipo alipoiona. Juu ya kabati la vyombo palikuwa na fremu ndogo, ya ukubwa wa daftari, na ndani yake picha ya mjane akiwa msichana, anacheka amefumba macho. Rula alisogea. Hakuikumbuka fremu hiyo, na hapakuwa na fremu ya karakana yao asiyoikumbuka. Akaishusha. Akapitisha ukucha kona ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Ya nne.

"Hiyo alinitengenezea hapa ndani," mjane alisema nyuma yake, akiweka pembeni msumeno ukiwa bado guniani. "Mwaka ule alipovunjika mguu, akakaa miezi miwili. Alikuwa ananikera, nikamwambia fanya kitu."

"Peke yake? Ncha zote?"

"Sasa ningemsaidia mimi? Alikaa hapo kwenye mkeka, mguu umenyooka kama ufagio." Mjane alitabasamu akiutazama mkeka. "Nilimuuliza kwa nini ya kwangu anaikata polepole. Akasema, hapa nyumbani naupumzisha mkono."

"Maana yake nini?"

"Nami nilimuuliza hivyohivyo. Akacheka."

Kwenye meza palikuwa na kalenda ya mwaka uliopita. Rula akaomba karatasi moja. Karatasi ya kalenda ina kona iliyonyooka, na ukiikunja ukingo kwa ukingo, unapata nusu ya kona kamili, haipungui wala haizidi. Ni kipimo anachokijua hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza, na Rula hakuwa amekigusa tangu wiki ya kwanza. Aliikunja, akailaza juu ya mstari wa kona ya fremu ile. Mstari na karatasi vikawa kitu kimoja. Kona zote nne.

Kwa hiyo kinyozi alisema kweli, aliwaza. Fundi alikuwa Shoto. Akaurudisha msumeno mikononi mwa mjane bila hata kuufungua kutoka kwenye gunia lake.

"Huuhitaji tena?"

"Msumeno hauna kosa, shemeji."

*

Chumbani kwake Rula alikuwa na kioo cha kunyolea, kwenye fremu waliyoitengeneza wawili mwaka wa kwanza kabisa. Alikitoa ukutani, akakaa kitandani, akakiweka magotini uso chini asijione. Kitu kimoja kilikuwa kinamwasha. Kama Shoto alikuwa anakata sawasawa, na yeye Rula anakata upogo, basi kona zao zingeachama pia. Upande mmoja mzuri hauwezi kuuponya mbovu. Na bado kwa miaka ishirini na sita hakuna ukucha ulioingia.

Aligonga kona kwa kiganja. Gundi ya zamani ikalia, ikaachia. Akawa na ubao mmoja kila mkono. Akalaza ile karatasi ya kalenda kwenye ncha yake, ya kulia. Ilipungua. Kidogo sana, unene wa ukucha, lakini ilipungua. Akalaza karatasi kwenye ncha ya Shoto.

Ilizidi. Unene uleule.

Akaigonga kona ya pili. Yake imepungua, ya Shoto imezidi. Ya tatu. Ya nne. Akakaa na vipande vinne na kioo kitupu, na kwa muda hakuelewa, halafu akaelewa vyote kwa pamoja, kama mtu anayemwagiwa maji.

Shoto alikuwa anaweza kukata sawa. Sebuleni pale ushahidi ulikuwepo, umebeba picha ya msichana anayecheka. Lakini kwenye meza ya karakana, kila ubao alioupokea, siku zote hizo, alikuwa anautazama kwanza mkato wa mwenzake, anaona umepungua kiasi gani, halafu naye anaupinda mkono wake azidishe kiasi hicho. Kukata vibaya kwa makusudi, na kwa usahihi. Nimepokea. Kumbe alikuwa anasema kweli tupu.

Na ile miezi miwili ya mguu? Rula alikumbuka. Alikata peke yake fremu kumi na nane za shule. Shoto aliporudi na magongo alizishika moja moja, akasema, "Mbao mbichi hizi, ndugu yangu, si kosa lako," akakaa wiki nzima akizirekebisha ncha za kushoto. Neno mbao mbichi Rula alilichukua kwake. Amelitumia kwa wateja mpaka juzi.

"We mtu," Rula alisema kwa sauti, kwa kitanda, kwa ukuta wenye doa jeupe mahali kioo kilipokuwa. "Ungeniambia siku ile ya kwanza, ningejifunza kwa wiki moja."

Alifikiri jibu ambalo Shoto angempa, maana alimjua, na hakulipata. Hilo ndilo lililomuuma. Shoto wa kweli, yule wa mkono ulionyooka, hakuwahi kufika kazini.

*

Alhamisi hakufungulia redio. Alijaribu kwanza kukata sawa, kwa kufuata karatasi. Mkono ulikataa. Ulitembea vizuri mpaka katikati, halafu ukarudi njia yake ya zamani, kama punda anayejua nyumbani. Mara kumi alijaribu, na mara kumi punda alirudi.

Basi akauacha. Akakata ncha za kulia zote nne kwa mkono wake ulivyozoea, bila aibu. Halafu akazunguka meza, akasimama upande wa kushoto. Ajabu ni kwamba alikuwa hajawahi kusimama pale. Sakafu ilikuwa na mashimo mawili madogo ya visigino. Kutoka pale mlango ulionekana, na mtaa, na kiti cha kinyozi, na pia alionekana vizuri kabisa yeyote aliyesimama kulia: mikono yake, msumeno wake, na mahali unapoanza kupinda.

Alichukua ubao wa kwanza. Akautazama mkato wake mwenyewe muda mrefu, alivyopaswa kuutazama tangu ujana. Akaupima upungufu wake kwa jicho. Kisha akakata ncha ya pili akiuzidisha msumeno nje kiasi hicho hicho, na mkono wake uliotaka kurudi akaushikilia kwa mkono wa pili. Ilikuwa kazi ngumu. Jasho lilimtoka kana kwamba anabeba gogo. Alipumzika kila baada ya mkato, na kila alipopumzika alijiuliza huyu bwana alifanyaje hivi mara elfu ngapi, tena huku akipiga hadithi.

Jioni aliegemeza kona nne. Akatia gundi. Akafunga kamba, akasubiri mpaka kesho yake. Ukucha haukuingia popote.

*

Ijumaa mchana kinyozi alijitolea kumsindikiza, eti sanduku zito, lakini kila mtu alijua anafuata habari. Mshonaji alikuwa kwenye chumba cha mavazi cha kanisa, paroko amesimama karibu na dirisha akijaribu miwani mpya. Rula aliweka sanduku mezani, akarudi nyuma hatua moja.

Mama akavaa miwani yake, akainama, akapitisha ukucha kona ya kwanza, ya pili, ya tatu, akakawia kwenye ya nne. Akachukua sindano kutoka kwenye ukosi wake, akajaribu kuichomeka. Haikupata pa kuingia. Ndipo alipoitoa mitra, akaibonyeza, akailaza ndani.

"Sinia nalirudisha jikoni," alisema.

Paroko akapiga kiganja juu ya mfuniko. "Nilimwambia mama. Na wewe fundi, umewafunga watu midomo. Unajua walivyokuwa wanasema? Eti fundi alikuwa yule marehemu."

"Mimi nilikutetea," kinyozi alidakia.

Rula alikuwa amelisubiri neno la sifa kama hilo la paroko wiki nzima. Lilipofika aliona halimhusu. Alitazama mikono yake.

"Hawakukosea, Baba Paroko," alisema. "Fundi alikuwa yeye. Mimi nakata upogo. Nimekata upogo maisha yangu yote, na yeye alikuwa anapinda wake ili wangu uonekane umenyooka. Nimejua juzi."

Paroko akacheka, kicheko cha upendo, akamshika bega.

"Ona unyenyekevu huo. Nitautumia kwenye mahubiri."

"Si unyenyekevu. Nimepima kwa karatasi."

"Kwa karatasi," kinyozi akarudia, akicheka mpaka anashika meza. "Huyu mtu bwana. Fundi wa miaka ishirini na sita, kona hizi hapa mbele yetu, hata sindano haipiti, anatuambia anakata upogo."

"Nawaambieni kweli."

"Tumesikia, mzee. Na mimi sijui kunyoa."

Walicheka wote, hata mshonaji alitabasamu. Rula aliwatazama mmoja mmoja, akaona hakuna atakayeamini, leo wala mwaka ujao. Jina lake lilikuwa limerudi, zima, halina hata mwanya wa kupenyezea neno. Naye akacheka, akichelewa kidogo nyuma yao. Kilikuwa kichekesho kizuri, na kuna mtu mmoja tu ambaye angekielewa.

Alipotoka mshonaji alimfuata mpaka barazani.

"Huyo marehemu," alisema kwa sauti ya chini. "Aliwahi kukwambia?"

"Hata siku moja."

Mama alitikisa kichwa, si kukataa. "Mwezi ujao nina fremu mbili za kutengenezwa. Sina haraka."

"Zitachukua muda," Rula alisema. "Nakata mara mbili, na kwa kila ubao inabidi niizunguke meza."

"Zunguka," mama alisema, akarudi ndani.

Rula akashuka ngazi. Kinyozi alikuwa ameshatangulia mbele, anasimulia.